Sura ya Saba: Kusugua Uso kwa Mashine

Ukitaka kujua kama tiba fulani ya uso itakufaa, uliza kwanza inafika wapi ndani ya ngozi. Jina lake halitakuambia, wala bei yake, wala zile picha mbili zinazobandikwa ukutani saluni, ya kabla na ya baada. Kinachoamua ni kina. Tiba inayoishia juu itabadilisha mambo ya juu. Inayoshuka chini itabadilisha zaidi, na madhara yake nayo yanaweza kuwa makubwa zaidi.

Sura hii inahusu tiba inayoishia juu kabisa: maikrodemabresheni, yaani kusugua ngozi ya uso kwa mashine ili kuondoa seli zilizokufa. Haihitaji kisu, sindano wala ganzi, na mteja anaweza kurudi kazini siku hiyo hiyo. Wepesi huo umeitoa kwenye kliniki za madaktari wa ngozi na kuifikisha kwenye saluni za mjini. Wepesi huo huo umewafanya watu waitarajie ifanye mambo isiyoyaweza, na wengine waichukulie kana kwamba haiwezi kudhuru. Yote mawili yana gharama, na anayeilipa ni mwenye uso.

Ngozi inavyozeeka

Ngozi ya uso ina matabaka mawili yanayotuhusu hapa. La juu linaitwa epidemisi. Sehemu yake ya nje kabisa ni seli zilizokufa, bapa, zilizopangwa moja juu ya nyingine, na unene wake wote ni mikroni 10 hadi 20 tu. Mikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Wembamba huo ndio ukuta wetu: unazuia maji ya mwili yasitoke na vijidudu visiingie. Chini ya epidemisi kuna demisi, ambayo ni nene mara nyingi zaidi. Humo ndimo ilimo kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, na elastini, inayoifanya ngozi irudi mahali pake ukiivuta na kuiachia.

Kwa kijana, seli huzaliwa chini ya epidemisi, hupanda taratibu, hufa na kupukutika katika muda wa takriban siku 28. Umri ukisogea, safari hiyo huchukua muda mrefu zaidi. Seli zilizokufa hukawia juu, hujipanga ovyo, na uso huanza kuonekana mkavu na uliofifia hata kama mtu amelala vizuri na amekunywa maji ya kutosha. Wakati huo huo, kule chini, kolajeni hupungua kwa takriban asilimia 1 kila mwaka wa utu uzima. Kwa wanawake kasi hiyo huongezeka sana miaka ya mwanzo baada ya hedhi kukoma. Ndiyo maana mama anaweza kuhisi kwamba uso wake umebadilika ghafla, ilhali dada yake aliyemzidi miaka michache alishapita hapo kimya kimya.

Hayo ni ya umri. Juu yake huja jua. Mwaka 2012, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya mwanamume wa Marekani mwenye umri wa miaka 69 aliyekuwa ameendesha gari la mizigo kwa miaka 28. Shavu lake la kulia lilikuwa la mzee wa kawaida. La kushoto, lililokuwa dirishani miaka yote hiyo, ngozi yake ilikuwa imekuwa nene, imelegea na kujaa mikunjo mizito, kana kwamba mtu mmoja amepewa nusu mbili za nyuso za watu waliopishana miaka mingi. Kioo cha dirisha kilizuia sehemu kubwa ya miale ya UVB, ile inayounguza, lakini kiliipitisha UVA, ambayo hushuka hadi kwenye demisi na kuharibu kolajeni na elastini. Kwa dereva wa daladala au matatu, ambaye usukani wake uko kulia, shavu la kuangalia ni la kulia.

Ngozi nyeusi ina kinga yake. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1979 ulionyesha kwamba epidemisi ya mtu mweusi huzuia miale ya UVB kwa kipimo cha kinga (SPF) cha wastani wa 13.4, ilhali cha mzungu ni 3.4. Kwa hiyo mikunjo midogo kwetu huchelewa, mara nyingi kwa miaka kumi na zaidi. Lakini kinga hiyo si kamili, na uzee wa jua kwenye ngozi nyeusi una sura yake: kwanza huja mabaka, rangi isiyolingana, na madoa meusi mashavuni na kwenye paji la uso, makunyanzi huja baadaye. Tofauti hii ni muhimu, kwa sababu matangazo mengi ya tiba za uso yametungwa kwa ajili ya ngozi nyeupe inayolalamikia mikunjo, na msomaji wetu mara nyingi analalamikia rangi.

Kutoka singo hadi almasi

Kusugua ngozi ili ing'ae ni jambo la kale. Katika pwani yetu bi harusi husuguliwa kwa singo, mchanganyiko wenye manukato ya maua kama waridi na asumini, hadi taka za ngozi zitoke na mwili ulainike. Kazi inayofanyika pale ni ile ile ya mashine: kuondoa seli zilizokufa ili zilizo chini zionekane.

Madaktari walianza kwa ukali zaidi. Mwaka 1905, daktari wa ngozi wa Ujerumani, Ernst Kromayer, alieleza jinsi ya kukwangua makovu kwa vifaa vinavyozunguka kwa mota. Mwaka 1953, Abner Kurtin wa New York alichapisha njia yake ya kutumia brashi ya waya inayozungushwa kwa kasi. Hiyo ndiyo demabresheni, na inashuka hadi kwenye demisi. Mgonjwa hupigwa ganzi, ngozi hutoka damu, na kupona huchukua wiki. Inaweza kusawazisha makovu ya chunusi na mikunjo mirefu, lakini kwenye ngozi nyeusi ina hatari kubwa ya kuacha mabaka yaliyopoteza rangi, mabaka meusi zaidi, au makovu yanayovimba.

Mwaka 1985, nchini Italia, ilibuniwa mashine ya aina nyingine. Badala ya kukwangua kwa chuma, ilirusha fuwele ndogo za oksaidi ya aluminiamu juu ya ngozi, na papo hapo ikazivuta pamoja na seli zilizobanduka. Katika miaka ya 1990 mashine hizo zilifika Marekani, na muda si mrefu maikrodemabresheni ikawa miongoni mwa huduma za urembo zisizo za upasuaji zilizofanywa kwa wingi nchini humo. Baadaye vikaja vichwa vilivyopakwa chembe za almasi, ambavyo havirushi kitu: huburutwa juu ya ngozi huku mashine ikivuta vumbi. Leo vichwa hivyo ndivyo vilivyoenea zaidi, kwa sababu havitoi fuwele zinazoweza kuingia machoni au kuvutwa puani.

Inavyofanywa

Mteja hulala chali, nywele zimefungwa nyuma, macho yamefunikwa kwa pamba au miwani maalumu. Uso huoshwa kwa sabuni laini, kisha hufutwa mafuta yote, kwa maana ngozi yenye mafuta hukifanya kichwa cha mashine kiteleze bila kazi. Mtoa huduma huivuta ngozi kwa vidole viwili vya mkono mmoja hadi ikaze, na kwa mkono wa pili hupitisha kifaa kinachofanana na kalamu nene. Mashine hunguruma kwa sauti ya chini ya kuvuta hewa. Ngozi huinuka kidogo ndani ya ncha ya kifaa, hukwaruzwa, huachiwa. Mteja husikia mvuto na mkwaruzo. Hapaswi kusikia maumivu.

Kazi huenda kwa mistari: kwanza kushuka, kisha kukatiza. Paji la uso, pua na kidevu, ambako ngozi ni nene, huvumilia mvuto mkubwa zaidi. Karibu na macho mtoa huduma hupunguza nguvu, na kope haziguswi kabisa. Mambo matatu ndiyo yanayoamua kina cha kazi: ukali wa kichwa, nguvu ya mvuto, na idadi ya mara kifaa kinapopita mahali pamoja. Kwa hiyo mashine moja, mikononi mwa watu wawili, inaweza kutoa matokeo mawili. Baada ya nusu saa hadi saa moja, kichujio cha mashine kinakuwa na vumbi la kijivu jepesi, nalo ni ngozi iliyokufa. Uso huwa mwekundu kidogo, au kwa mtu mweusi huwa wa moto na wenye kuwasha kidogo, na hali hiyo hupungua baada ya saa chache.

Mara moja haitoshi. Kwa kawaida hupangwa vipindi kadhaa, vikiachana wiki moja, mbili au zaidi, na baadaye kipindi cha mara kwa mara ili kuyashikilia matokeo. Ukiacha, ngozi huendelea na desturi yake ya zamani.

Inachoweza na isichoweza

Tuseme wazi inachoweza. Ngozi iliyofifia huchangamka. Mguso huwa laini, vipodozi hukaa vizuri, vitundu vya ngozi vilivyoziba husafishika, na madoa mepesi yaliyo juu kabisa hufifia. Mikunjo midogo sana, ile inayotokana na ukavu, huonekana kupungua. Kwa mtu wa miaka 45 au 55 ambaye uso wake umechoka lakini haujaharibika, haya si madogo.

Sasa isichoweza. Mashine inayogusa mikroni chache haifikii mikunjo iliyochimbwa na miaka ya kucheka, kukunja uso na kupigwa jua. Haiinui mashavu yaliyolegea wala ngozi ya shingo. Haifuti makovu ya chunusi yaliyobonyea. Fundi seremala akipiga msasa meza yenye ufa, meza itang'aa, lakini ufa utabaki palepale. Yeyote anayekuahidi kwamba vipindi sita vitakurudishia uso wa miaka 25 anakuuzia kitu ambacho mashine yake haina.

Je, kusugua juu kunaweza kuiamsha kolajeni kule chini? Swali hili lilichunguzwa kwa makini katika Chuo Kikuu cha Michigan, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Watafiti walichukua watu 40 wa umri wa miaka 50 hadi 83 wenye ngozi iliyoharibiwa na jua, wakawasugua kwa vichwa vya almasi, kisha wakachunguza vipande vidogo vya ngozi yao. Kichwa chenye chembe kubwa kiliamsha ngozi kana kwamba imepata jeraha dogo, na dalili za kutengenezwa kwa kolajeni mpya zikaonekana. Kichwa chenye chembe za wastani hakikuleta badiliko hilo. Funzo ni kwamba kina na ukali vinaenda pamoja: usuguaji mwepesi husafisha, na ukitaka zaidi ya hapo ni lazima ngozi iumizwe kidogo kwa makusudi. Kwa msomaji mwenye ngozi nyeusi, neno kuumizwa linapaswa kumsimamisha afikiri.

Kwa ngozi nyeusi

Seli zinazotengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi, kwenye ngozi nyeusi ni nyepesi kuchokozeka. Chunusi moja ikipondwa, mwasho ukikunwa, mafuta ya moto yakimwagika, panapopona hubaki doa jeusi, na doa hilo linaweza kukaa miezi. Maikrodemabresheni inayofanywa kwa nguvu kupita kiasi huacha madoa ya aina hiyo hiyo, tena mistari mistari, ikifuata njia ya kifaa. Mtu aliyekwenda kuondoa mabaka anarudi na mabaka mengine.

Hatari hiyo inazuilika. Kipindi cha kwanza kiwe chepesi kuliko unavyotamani. Omba ijaribiwe sehemu ndogo, chini ya taya au mbele ya sikio, na usubiri wiki kadhaa kuona panaponaje. Vipindi viachane vya kutosha ngozi ipumzike. Ikitoka damu, hata vitone vidogo, kazi imeshuka zaidi ya inavyotakiwa na isimamishwe hapo hapo. Mwenye historia ya keloidi, yale makovu yanayovimba na kupita mipaka ya kidonda, amwone daktari wa ngozi kabla ya kuguswa. Na mabaka mapana ya kahawia ya mashavuni, yale yanayowatokea wanawake wengi wakati wa ujauzito au wakitumia dawa za uzazi wa mpango, si ya kusugua ovyo: mwasho na joto vinaweza kuyaongeza.

Mkorogo kwanza, mashine baadaye

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji asome polepole. Katika miji yetu, wengi wanaokwenda kutafuta tiba ya uso tayari wana krimu za kujichubua usoni, na wengi hawasemi. Krimu hizo zinaweza kuwa na steroidi kali, haidrokwinoni au zebaki, na mkorogo unaochanganywa dukani unaweza kuwa na vyote kwa pamoja. Steroidi ikipakwa kwa miezi huifanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi. Mishipa midogo ya damu huonekana, na mguso mdogo huchubua. Haidrokwinoni ikitumika miaka mingi inaweza kuleta madoa ya rangi ya bluu na nyeusi yaliyokaa ndani ya demisi, ambayo hayaondoki kwa urahisi. Hali hiyo ilielezwa na madaktari wa Afrika Kusini mwaka 1975, na mwaka 1990 nchi hiyo ikaipiga marufuku haidrokwinoni kwenye vipodozi. Zebaki hupenya ngozi na kudhuru figo.

Ukimsugua mtu kama huyu kwa mashine, umemwondolea ukuta ambao tayari ulikuwa umebaki nusu. Tena kuna hatari ya pili: ngozi iliyotoka kusuguliwa hunyonya zaidi chochote kinachopakwa juu yake. Madaktari huitumia sifa hiyo kupenyeza dawa nzuri, lakini sumu nayo hupenya kwa njia hiyo hiyo.

Kwa hiyo mtoa huduma makini huanza na maswali kabla ya kuwasha mashine. "Mama, unapaka nini usoni? Na usiku?" Mama akijibu kwamba anapaka losheni tu, huulizwa tena kwa upole: "Hiyo losheni umeinunua imefungwa, au umechanganyiwa?" Swali hilo la pili ndilo linalookoa nyuso. Ukiulizwa, jibu kweli. Siri yako inaishia pale. Usipoulizwa kabisa, inuka uondoke. Na anayetaka kuacha mkorogo aende kwa daktari, kwa sababu ngozi iliyozoea steroidi ikikatiwa ghafla huweza kuvimba na kuwaka moto kwa wiki kadhaa.

Nani asifanye, na nini kifuate

Asifanye mwenye chunusi zenye usaha, pumu ya ngozi iliyoamka, jeraha bichi, kuungua na jua, au malengelenge ya homa mdomoni, kwa kuwa kifaa kinaweza kuvieneza virusi vyake uso mzima. Anayetumia vidonge vya isotretinoini kwa ajili ya chunusi, au aliyeviacha karibuni, amwambie daktari kwanza. Anayetumia krimu za retinoidi asimamishe siku kadhaa kabla na baada. Kichwa cha kifaa kinachogusa ngozi yako kiwe kipya au kimetakaswa ipasavyo. Kuuliza hilo si utovu wa adabu.

Baada ya kipindi, ngozi hupoteza maji zaidi ya kawaida kwa siku moja hivi kabla ya kujirekebisha. Ioshwe kwa maji ya uvuguvugu, ipakwe krimu ya kulainisha isiyo na manukato, na isipakwe ndimu, manjano, dawa ya meno wala kitu chochote cha kusugua. Muhimu kuliko yote ni kuikinga na jua. Katika nchi zilizo karibu na ikweta, kipimo cha miale ya jua saa sita mchana mara nyingi huzidi 11, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hukiita cha kupindukia. Sanskrini yenye SPF 30 au zaidi, kofia pana au mtandio, na kivuli kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni ndivyo vinavyolinda kazi iliyofanyika. Mjini Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, hutengenezwa sanskrini iitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, ambao kwao jua hili ni suala la uhai na kifo. Jua hilo ndilo linalotuzeesha sisi wengine, polepole zaidi.

Ikiwa fedha zako zinatosha jambo moja tu, nunua sanskrini na uipake kila asubuhi, kwa sababu hakuna mashine inayozuia uharibifu wa kesho. Zikitosha mawili, na ngozi yako ni nzima, haina mkorogo wala keloidi, basi maikrodemabresheni mikononi mwa mtu anayeuliza maswali itakupa uso safi na laini kuliko ulionao. Ikiwa unachotaka ni kuondoa mikunjo mirefu au kuinua ngozi iliyolegea, usikitafute kwenye mashine hii: mwone daktari wa ngozi, mweleze unachokiona kwenye kioo, na umuulize tiba anayopendekeza inafika kina gani.